Jeneza Alilokutengenezea Kulwa

Mtani wangu mpendwa, Fundi Maganga,

Najua ungekuwepo ungeanza kwa kucheka. Mzaramo kashika kalamu! Cheka tu. Shule mimi niliishia la saba, na siku ya kumaliza mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka barabarani akamshukuru Mungu. Lakini dunia nimeisoma. Nimeendesha lori mpaka Ndola na Lubumbashi, nimelala Bujumbura wakati wenye digrii zao hawajafika hata Manyoni, na kuna askari wa forodha nilimchekesha mpaka akasahau alichonisimamishia. Mdomo huu haujawahi kunitupa. Umenitupa safari moja tu, juzi hapa, ndiyo maana nakuandikia. Barua hii naiandika wazi, kila mtu aisome, kwa sababu yupo mmoja aliye hai ambaye ningependa imfikie.

Wasiokujua na wajue. Wewe ulikuwa seremala wa mtaa wa Ng'ambo, Mnyamwezi, Mkatoliki wa kiti cha mbele. Mimi ni Mwislamu wa pwani niliyeharibikiwa na lori hapa Tabora, nikasubiri spea mpaka nikaoa. Nilikuja kwenye karakana yako kutafuta kiti. Ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Viti vya Wazaramo huwa natengeneza vya kulalia. Sijawahi kuwaona wamekaa." Nami nikakuuliza, "Na wewe mbao umeishika mkononi kwa nini? Kwenu mzigo si unakaa kichwani?" Basi, udugu ukaanzia hapo. Babu zako walibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, wakipita kwa babu zangu kuomba maji, na babu zangu, Mungu awasamehe, nadhani waliwauzia hadi kivuli. Utani ulizaliwa kwenye njia ile. Sisi tuliurithi tu, kama wengine wanavyorithi ng'ombe.

Ukawa mikono, nami nikawa mdomo. Ulitengeneza, nikatafuta wateja, na nikasema uongo mtamu kuhusu vitanda vyako kuanzia Ipuli mpaka Cheyo. Si uongo sana. Vilikuwa vitanda.

Wazo la kuchukua vijana lilikuwa lako, japo mtaani nilitangaza ni langu. Ulikuwa umesikia tangazo la kazi redioni, ukazima redio kwa hasira. "Kila kazi inataka mwenye uzoefu," ukasema. "Sasa huo uzoefu unauzwa duka gani, nikawanunulie watoto wa watu?" Kesho yake ukaufungua mlango wa karakana wote, ule upande mmoja uliokuwa haufunguki tangu niufahamu, na vijana wakaanza kuja. Wengine walitoka kidato cha nne, wengine vyuo. Wote walikuwa na macho ya mtu aliyeambiwa "tutakupigia" mara nyingi.

Ukakataa wafagie vumbi mwaka mzima kama ulivyofagia wewe. Kijana siku ya kwanza tu unampa kitu cha mteja! Roho yangu ilikuwa inatoka. "Maganga, huo ni mguu wa kitanda cha mwalimu!" Hukugeuka hata. "Akijua kuna mwalimu atakilalia, mkono utakuwa na adabu. Ukimfundishia mbao za takataka, atajiona na yeye takataka."

Kulwa aliletwa na baba yake. Unakumbuka? Shahada ipo, bahasha ya vyeti ipo, imelowa jasho la kiganja. Baba mtu ndiye aliyesema yote: anaitwa Kulwa, ni pacha, amesoma, ametuma maombi mpaka amechoka, siku hizi hatoki chumbani, akitoka haamkii watu. Mtoto mwenyewe anaangalia viatu. Ukaisukuma ile bahasha pembeni taratibu. "Shahada tumeiona, mzee mwenzangu. Mwenye shahada yuko wapi?"

Kisha ukampa sharti lako la kila kijana. Asubuhi, kabla ya kushika randa, ataniamkia mimi kwa adabu. Akishaitikiwa, atanitania neno moja. "Lisiwe tusi la nguoni," ukamwambia. "Liwe la utani. Huyu Mzaramo Mungu amemleta Tabora kwa kazi hiyo tu, usimnyime riziki." Nikabisha, nikasema mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Ukaniambia, "Mtu akiweza kumjibu mtani, ataweza kumjibu mteja. Akiweza kumjibu mteja, hata bosi atamwangalia usoni."

Tabitha, binti yule mnene wa sauti, aliyemtangulia Kulwa, yeye hakuhitaji kufundishwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Hilo shati ulilipata kwenye mnada, au ulilivua ile sanamu ya kufukuzia ndege?" Hapo hapo, bila kupumua. Lakini Kulwa alikuwa anaamkia, anaitikiwa, midomo inacheza, halafu anainama kwenye mbao. Kila siku hivyo. Mimi nikakata tamaa. Wewe hukukata. Ulikuwa unasimama pale na kikombe chako cha chai unangoja, kama mtu anayengoja treni anayojua itakuja.

Ikaja asubuhi ya mvua. Nilikuwa kwenye hadithi zangu za Lubumbashi, hoteli niliyolala, wanamuziki niliokula nao. Kulwa, kichwa hakuinua, randa haikusimama, akasema polepole, "Mzee, hiyo Lubumbashi unayoikumbuka kila siku, yenyewe inakukumbuka?"

Tabitha akapiga yowe, na mimi, mtani, nilichomwa mpaka kwenye mfupa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikakutafuta nikuone unavyocheka, hupo. Nikakukuta nyuma ya lundo la mbao, unajifuta macho kwa mkono uliojaa unga wa msumeno, unajiumiza zaidi. "Vumbi," ukasema. Nikakuacha na vumbi lako.

Tangu siku ile alifunguka. Wateja wakawa wanamuulizia kwa jina. Mama mmoja alitaka kabati kabla ya Idi, kila siku anasumbua, Kulwa akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, mninga haujui sikukuu." Akacheka, akasubiri. Kulwa akawa ndiye fundi wako wa milango. Na milango wewe hukuipima kwa futi kamba peke yake. Fremu ikishasimama, lazima upite wewe mwenyewe, mrefu kama nguzo ya simu. "Nikipita bila kuinama, na mkwe wao atapita." Kulwa alichora alama ya kimo chako kwenye nguzo ya karakana kwa penseli, ili usisumbuliwe. Kipimo chetu kilikuwa wewe.

Ugonjwa ukakushika. Ukakonda haraka, mgongo ukapinda, miguu ikajikunja isinyooke tena, na ukakataza vijana wasije kukuona. Nilikuletea salamu zao, ukaninong'oneza, "Waniweke vilevile walivyonizoea. Nimesimama." Nikatii. Nani angebishana na wewe wakati ule?

Ulipoondoka alfajiri ile, nyumbani kwako, mke wako Mama Paulina ndiye aliyenipigia. Nilipofika karakana kuwaambia vijana nilikuwa nimeshaamua tukanunue jeneza mjini. Kulwa akasimama mbele yangu. Macho mekundu, sauti imetulia. "Mzee, Fundi Maganga huwezi kumnunulia jeneza la dukani."

"Mtaweza?"

"Kimo chake tunakijua."

Wakatoa zile mbao za mninga ulizokuwa umeziweka za kabati la Mama Paulina, mwenyewe akasema zichukuliwe. Wakaanza kuranda. Mtani, nimeona kazi nyingi, nimeona makabati ya wakubwa wa Lubumbashi huko, usicheke, nimeyaona. Sijaona kazi kama ile. Pembe zimeshikana kama zimezaliwa pamoja. Walilibeba wenyewe kutoka karakana mpaka uani kwako, na watu wa Ng'ambo walisimama barabarani wakilitazama jeneza kabla ya kuinamisha vichwa.

Kisha tukakulaza.

Ukapotea mle ndani. Kama mtoto aliyelala kitandani kwa baba yake. Miguuni pakabaki nafasi kubwa, wazi, na kila mtu akaiona. Walikuwa wamemtengenezea jeneza yule mtu wa kwenye nguzo, na yule mtu hakuwepo tena. Baba yako mdogo aliyetoka Nzega akasema kwa sauti, "Hili jeneza la nani? Hawa ndio mafundi aliotuachia?"

Nikamtazama Kulwa. Bisibisi mkononi, tayari kwa kufunga. Nikaona kichwa kinashuka, mabega yanashuka, macho yanarudi kwenye viatu. Tabitha naye, na wenzao. Kazi yako yote, mtani, ilikuwa inabomoka mbele ya macho yangu, na wewe umelala pale huwezi kuwaambia kitu.

Msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema kisichosemeka. Hiyo ni kazi yangu tangu enzi za babu zetu. Sijui nililitoa wapi lile neno.

"Nyie Wanyamwezi mmesahau asili yenu?" nikapiga kelele. "Lini mmemwona Mnyamwezi anasafiri bila mzigo? Hapo miguuni ni pa mzigo! Nimewaagiza mimi hawa vijana, na kazi wameifanya sawasawa. Huko anakokwenda Wazaramo wamejaa, wamekaa mkekani wanamsubiri awabebee!"

Aliyecheka wa kwanza ni Mama Paulina. Alicheka na kulia kwa pamoja, kanga mdomoni, akasema, "Basi jamani, mpakieni mzigo wake," akaingia ndani akatoka na blanketi ulizojifunika ukiumwa. Uwanja wote ukacheka. Hata padri aliyekuja kutoka Kipalapala kukuzika aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyezikunja zile blanketi akakuwekea miguuni, vizuri, kama anavyofungiwa mzigo mtu wa safari ndefu. Nikajua tumepona.

Kulwa alizikaza skrubu mpaka ya mwisho bila kuinua uso.

Karakana ilipofunguliwa tena, wenzake walikuja. Yeye hakuja. Nikangoja, kama ulivyokuwa unangoja wewe, ila mimi sina subira yako. Mwishowe pacha wake, Doto, akaniambia yuko Bukene kwa mjomba wao, anapakia magunia ya mpunga stesheni. Nikaenda.

Nilimkuta ana gunia kichwani. Akalitua, akafuta mikono, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikasubiri. Unajua nilichokuwa nasubiri. Hakikuja. Basi nikaanza mimi, kwa uzembe wa mdomo huu, nikidhani nafungua mlango. "Kumbe Mnyamwezi umerudia upagazi wa babu yako?"

"Ndiyo, mzee."

Hivyo tu. Hakunijibu, alikubali. Mtu akiukubali utani, mtani, ni kama umemtukana kweli. Nilitamani ardhi ya Bukene ipasuke.

Nikamwambia yote niliyoyajua. Kwamba alikupima ulivyokuwa, maradhi ndiyo yaliyokosea. Kwamba ulikataza mwenyewe wasikuone. Kwamba hakuna jeneza Tabora hii lililotengenezwa kwa mapenzi kama lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi angepima, mzee." Akainama, akajitwika gunia, akaenda zake kwenye behewa.

Nami, niliyewashinda askari wa mipaka yote, nilibaki pale stesheni mdomo wazi. Kwa sababu ni kweli. Ungepima. Na ungemfundisha kupima kesho yake, na kesho kutwa, na asingeondoka. Mimi kesho yake ya mazishi sikujua la kumwambia.

Karakana ipo. Tabitha ndiye anayeishika. Juzi mteja mmoja aliingia, akamwangalia, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Akajibiwa, "Unaongea naye, baba, sema shida yako." Wamekuja wapya wawili, kaka na dada, na kila asubuhi wananitania, mmoja bado kwa kigugumizi. Nacheka inavyopaswa. Halafu natafuta sababu ya kutoka nje, kwa sababu mtu niliyezoea kumgeukia nikicheka hayupo, na hakuna anayenijibu kwa Kinyamwezi kile cha kunisengenya nikiwa nasikia.

Maishani sijakuomba kitu, nimekutania tu. Leo nakuomba. Nasikia nyie Wanyamwezi wafu wenu hawatulii, mnazungukia watoto wenu usiku. Basi acha kukaa huko kwenye mkeka wa Wazaramo, nenda Bukene. Mtokee Kulwa usingizini. Usije umekonda, nenda ukiwa mrefu vilevile alivyokuchora. Usimsifie lile jeneza, hatakuamini, na wala usimwambie amesamehewa, maana hapo ataona kweli alikosa. Mtanie kidogo tu. Mwambie lolote, mwambie blanketi zinakuwasha. Halafu kaa kimya na kikombe chako, umngoje.

Akikujibu, hata neno moja, hata la kunisema mimi, yaliyobaki niachie. Nitamwona akiingia mlangoni pa karakana.

Ni mimi, niliyekuzika nikicheka,
Mtani wako, Mzaramo wa Ng'ambo.