Mvinyo wa Mashairi ya Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba dada hakuruhusu kuinamia viatu vya watu kutwa nzima. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisuta, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Nilikuambia nimepandishwa cheo hapa hotelini, sasa ni mimi ninayewachagulia wageni mvinyo. Mwezi uliopita meneja akataka jambo jipya la Jumamosi alasiri: kila mhudumu alete mashairi ya mtunzi anayempenda, na kila shairi litafutiwe mvinyo wake. Wenzangu walikimbilia maktaba. Mimi nilileta yako, yale uliyoandika nyuma ya maboksi ya viatu, niliyoyabeba nilipokuja likizo bila kukuomba. Najua wewe hunywi, hata kizibo cha chupa hunusi. Nisamehe hilo kwanza, maana ndilo dogo.

Shairi la mvua juu ya bati nililichagulia mvinyo mweupe, mkavu, wa baridi. La yule mteja aliyeleta kiatu kimoja akasahau kingine mguuni, nililichagulia wenye mapovu. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. La Mama nililichagulia mwekundu mzito, nikawaomba wasinywe kabla ya mstari wa mwisho. Baba, hata ulipofika, hakuna aliyegusa glasi. Hakimu mmoja mstaafu alitoa leso.

Ndipo mama mmoja, mhadhiri, akauliza mtunzi huyu ni nani na anafundisha chuo gani. Nilitazama viatu vyangu, vile ulivyovitia soli mpya mara tatu. Ilikuwa niseme ni fundi viatu, ni baba yangu, yuko kibandani kwake muda huu. Niliona haya. Nikasema ni marehemu.

Wote wakasimama kimya kwa heshima yako. Nami nikasimama nao, glasi mkononi.

Jana meneja aliniomba picha yako aitundike ukutani, na mwaka wa kifo chako chini yake. Nikashindwa, nikamweleza ukweli wote. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama wewe unajua. Nikamjibu kwamba utajua barua hii ikikufikia.

Maboksi yako nimeyafunga pamoja nayo, yote kumi na moja. Msalimie dada na wanawe, na jirani muuza mkaa. Nawe nijibu, Baba, hata kwa matusi, nione mwandiko wako.

Ni mimi mwanao,
niliyekuzika ukiwa mzima.