Mkono Alionyoosha Tuhfa Tamashani

Shoga, Tuhfa kachomwa chupa shingoni. Mchana kweupe, Usagara, mji mzima tumekuja tamashani kufurahi pamoja.

Alisimama kumtunza mwimbaji wa taarabu, noti juu, na ubeti wenyewe wa kumsuta mwizi wa mume. Unajua mwenyewe, ukinyooshewa mkono hapo umeimbwa wewe. Akamwona mamake kule nyuma, akamnyooshea mkono aje wacheze. Astaghfirullahi, katikati yao kakaa Mwanakhamis, mke mwenziwe.

"Mimi? Mbele ya Tanga nzima?" Akaipasua chupa ya soda kwenye kiti, akamrukia. Akamchoma, akamchoma tena. Damu ikaruka mpaka kwenye kinanda.

Tumemkamata, bado anasema, "Kaninyooshea mkono, nyote mmeona."

Mama mtu akaja taratibu. "Alikuwa ananiita mimi, Mwanakhamis."

Chupa ikamtoka mkononi. Shoga, yeye mwenyewe ndiye aliyembeba miguu kumpakia kwenye bajaji, anamwambia, "Mke mwenzangu, usinifie."

Sasa tuko hospitali, Tuhfa yuko ndani anashonwa, sisi na Mwanakhamis mlangoni tunasoma Yasini. Askari wamekuja kumchukua Mwanakhamis. Mama mtu kawaomba wangoje, wamwache amalize kusoma.