Mbuzi Waliolala Makongeni

Buruburu, Nairobi
Agosti 1983

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mwanao Mbeti. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeniacha, na Nthambi ninayekaa naye anakuamkia. Goti lako linaendeleaje? Na mbaazi, zimezaa? Nina habari ya kukuchekesha na ombi zito. Najua watu wa Nairobi huwapendi tangu yaliyompata dada Kanyiva, lakini nisome mpaka mwisho.

Lile darasa langu la Kiingereza la jioni limehama kwa muda, maana ukumbi unaezekwa upya. Sasa tunasomea Makongeni, sebuleni kwa mwanafunzi mwenzetu Kitonga, karani wa reli. Watu wake ni wa Mutomo, ila yeye amezaliwa kwenye nyumba hiyo hiyo anayokaa. Huyo Kitonga ni mdadisi! Ukimpa neno, atataka kujua lilizaliwa wapi na nani aliona.

Juzi tulifika kwenye milio ya wanyama. Mwalimu Gichuru akatufundisha kwamba mbuzi na kondoo wana neno lao, bleat. Kitonga, kama kawaida yake, akauliza lilitoka wapi. Mwalimu akasema ni la kale sana, na inaaminika lilitokana na kuiga mlio wenyewe; hata Waholanzi, majirani wa Waingereza, wana linalofanana nalo. Baadaye wakaanza kulitumia pia kwa mtu anayelalamika kwa sauti nyonge. Waithera, anayeuza nguo Gikomba, akasema Wazungu walikuwa na nafasi kweli, maana kwetu mtoto hulia, ng'ombe hulia, hata simu hulia, na bado tunaelewana. Tulicheka sana.

Tukiwa bado tunacheka, mbuzi akalia jikoni. Mbuzi halisi, Mwaitu! Halafu wa pili. Kitonga uso ukambadilika. Akatunong'onezea kwamba mle ndani ana mbuzi watatu, lori litawachukua asubuhi, na kwamba Mzee Chege, msimamizi wa nyumba, akiwaona atamfukuza, maana mifugo hairuhusiwi. Na aliyekuwa akibisha mlango wakati huo ni Mzee Chege.

Waithera akasema hao mbuzi watatuchoma, yaani watatufichua. Lakini Mwalimu Gichuru, mtu asiyecheka hata harusini, akashika chaki na kuagiza mlango ufunguliwe. Mzee Chege alipouliza anasikia nini, Mwalimu akamjibu kwamba tuko kwenye neno bleat, kisha akatunyooshea kidole. Basi tukalia! Watu wazima na tai zetu, mee, mee, na mbuzi wakituitikia kutoka jikoni. Mzee Chege akatutazama mmoja mmoja, akasema kumbe Kiingereza kimekuwa kigumu hivi siku hizi, akaenda zake. Nadhani alijua.

Mzee alipoondoka, Kitonga akatueleza kwamba wajomba zake walikuwa wamemshauri awanunue mbuzi huko huko Mutomo, jirani na kwako, apunguze taabu. Alikataa katakata. Alisema mbuzi wa ntheo, wale wanaomfanya binti awe mke kimila, hutoka nyumbani kwa mwanamume, na nyumbani kwake ni Makongeni, kwa hiyo ni lazima walale Makongeni hata kama ni usiku mmoja. Wajomba walimcheka. Mimi nilipoyasikia hayo nilitoka nje kidogo, nikajifuta macho.

Najua ulipofika kwenye neno ntheo umekaa chini. Ndiyo, Mwaitu, wanakuja kwako. Kitonga alinichumbia tangu Pasaka nami nikakubali, nikanyamaza kwa kukuogopa. Uliapa hutapokea tena mkwe wa mjini. Huyu ni wa mjini kabisa, hajui hata kukama. Niliona alivyomshika mbuzi, nikamhurumia mbuzi. Lakini yule aliyemtesa Kanyiva hakuwahi kuja hodi kwako. Huyu anakuja kwa njia yenu, kama alivyoielewa.

Nampenda. Nimeandika kwa sababu mbele yako ulimi ungenishinda. Naogopa, na bado nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Wanafika Jumamosi na wajomba zake. Ukiwapokea, nitakuwa mke wa mtu kwa baraka zako. Ukiwafungia lango, haki ni yako, ila uchungulie kwanza, Mwaitu, maana nami nitakuwa nimesimama hapo nje pamoja nao.

Msalimie Kanyiva na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Mbeti