Bika Ambon ya Medan

Jumatano, 5 Juni
Parlin kaniletea habari mikono yangu ikiwa imejaa unga! Mwanangu wa pekee, na mimi ndiye wa mwisho kujua. Mchumba wake, Yosina, ni wa Ambon, siku kadhaa za bahari kutoka hapa Medan. Mamake anakuja Jumamosi kupanga ndoa — na wapi watakaa. Wapi? Hapa! Nilianza na sinia moja la keki, mjane, leo naoka arobaini kwa siku. Tanuri hili la nani kama si lake?

Alhamisi, 6 Juni
Nitampokea kwa bika Ambon. Keki ya mji wake! Mayai mawili zaidi kila sinia, na tembo la mnazi badala ya hamira, kama zamani. Asione kasoro.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu gani hii! Mama Yosina katafuna, kakodolea vitundu vilivyojaa ndani yake, kauliza keki hii inaitwaje. Bika Ambon, nikamwambia. "Ambon ipi, Mama Parlin? Nimezaliwa huko, nimezeekea huko, sijaiona!" Parlin akacheka. Nikamkanyaga mguu. Miaka thelathini nabandika jina hilo kwenye maboksi! Nikamwita jirani Mei Hwa aniokoe. Eti ni jina la mtaa wa hapa Medan ilikouzwa kwanza. Mumewe akabisha: aliileta baharia kutoka Ambon. Wakaanza kugombana mbele ya mgeni. "Kumbe wenyewe hamjui!" Mama Yosina akasema. "Basi nami nichunguzeni, huenda si wa Ambon."

Jumapili, 9 Juni
Tulipotoka kanisani Mama Yosina kaja jikoni bila kuitwa. Kainamia ndoo ya rojo, kanusa. "Hili si tembo? Marehemu mume wangu alikuwa mgema." Macho yamemlowa. Wangu alikuwa mnywaji tu, nikasema. Tulicheka hadi tukashikana mabega! Akapandisha mikono ya nguo akakoroga. Anajua kukoroga, siwezi kukana.

Kisha kauliza: wakiipika kule Ambon, waiiteje? Parlin kadakia: "Bika Medan!"

Wote wakacheka. Mimi nikapiga hesabu. Kule mjini Padang hakuna anayeagiza wali wa Padang — wanaagiza wali. Kitu hakibebi jina la mji mpaka kiuhame. Bika Medan, basi, ina mpishi aliyekwisha kuiacha Medan, na tanuri hili.

"Unasemaje, mkwe?" Mama Yosina akaniuliza.

Ameniita mkwe! Na rojo limeumuka, linataka moto. Nimesingizia kufuata kuni, naandika haya nyuma ya tanuri. Ananiita tena — mkwe, wee mkwe! Parlin haniiti.