Kinundu Kimoja

Malava,
14 Agosti 1995

Kwa kaka yangu Makhanu,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Kikohozi kilikuachilia huko Nairobi? Sisi tunaamka tu, mahindi yamekomaa, mvua ndiyo haitupi nafasi ya kuvuna.

Baba alirudi kutoka hospitali na anatembea mwenyewe. Jumapili alishuhudia kanisani kwamba vinundu vyote vimetolewa, wamama wakapiga vigelegele. Alimwambia jirani yetu Mzee Khisa kwamba ndani yake sasa ni safi kuliko sufuria ya bibi harusi. Khisa akamjibu basi atafute bibi mwenyewe, maana tangu Mama atutoke sufuria zetu ni nyeusi. Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi sikucheka.

Alipewa vidonge vipya vya kumeza, ambavyo madaktari bado wanavijaribu. Jana nilimkuta akimgawia Khisa, ambaye pia anakojoa damu. Baba alisema mtu aliyeshiba hali peke yake. Na leo nikifua suruali ya Baba, maji yamekuwa mekundu.

Kaka, kwenye karatasi naweza kuiandika: ni kansa ya kibofu cha mkojo. Kwa mdomo sikuweza. Siku ile kabla ya upasuaji nesi aliyekuwa akitafsiri aliitwa wodini, daktari akaniomba nimtafsirie Baba Kiingereza chake. Alieleza kwamba watatoa vinundu vyote isipokuwa kimoja, watakiacha makusudi, waone kama vidonge vitakimaliza. Baba alikuwa huru kukataa. Lakini ningetajaje mbele ya baba yangu mahali ambapo binti hapataji? Alikuwa ananitazama. Nikasema tu kwamba watamtoa vinundu, kisha atapewa dawa. Akakubali. Daktari akanisifu kwa Kiingereza changu kizuri.

Tangu hapo kile kimoja hakiniachi. Baba akiimba shambani, kimo ndani yake. Tukikaa kula ugali wawili, naona tuko watatu.

Nilitaka uje wewe, mwanamume, umwambie kabla dawa haijaisha kwa kugawa. Lakini sasa Baba ameketi mlangoni ananiuliza kama nimemaliza. Unajua hapa kwetu barua haifungwi kabla hajasomewa. Nilifikiria nimsomee salamu peke yake. Ameshazima redio, anangoja. Nitamsomea yote.

Edah wa shangazi anakusalimu, na Khisa pia. Salamu za Baba nitaziongeza hapa chini akishasikia, kama bado atakuwa nazo.

Ni mimi mdogo wako,
Nanjala