Hesabu ya Watu Wanaocheza

Suame, Kumasi
Jumatano

Dada yangu Adwoa Birago,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Takoradi? Langu la kulia limegoma, la kushoto bado linafikiria. Mengine mazima, na nina furaha kukuarifu kwamba kanisa limenifanya mhandisi mkuu wa roshani yake mpya.

Haya, uongo. Niliwauzia nati tu, nikashika spana walipokuwa wanazikaza. Mhandisi ni mwanao Kwadwo, kama ujuavyo. Roshani inaning'inia kutoka darini kwa vyuma virefu vyenye meno, kila kimoja kimeshikwa na nati kwa chini. Kwadwo alinieleza hesabu yake vizuri: bolti haipimwi kwa unene wa nje, inapimwa kule ndani ya meno ilikokondea, unazidisha kwa nguvu ya chuma, kisha unaangalia kila kimoja kinabebeshwa mzigo gani. Hesabu safi. Lakini wazee wa kanisa walimwambia watu watakaa kwenye viti.

Nani anakaa, dada? Jumapili hii ni mavuno, na sadaka inatolewa kwa kushindana, kila mtu na kundi la siku ya juma aliyozaliwa. Wa Ijumaa wakiwapita wa Jumamosi, wa Jumamosi wanarudi tena, leso juu, wote wanaruka kuelekea beseni la sadaka. Na beseni la roshani limewekwa mbele kabisa, ukingoni. Chini yake wanaketi watoto wa shule ya Jumapili.

Wiki iliyopita kwaya ilifanyia mazoezi huko juu. Kabla hawajapanda niligonga vile vyuma kwa spana, vikalia sauti moja. Waliposhuka nikagonga tena. Viwili vya mbele vikatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Chuma kikivutwa kupita kiasi hakirudi; kinalegea, na mzigo wake unahamia kwa jirani.

Nikamwendea Mchungaji Amponsem. Nilisema bila kucheka hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomtia shaka. Akaniuliza kama nimesahau nilivyopiga kelele za nyuki ili afupishe mahubiri. "Mzee Dwumfuor," akasema, "wewe hata ukifa tutakulaza sebuleni wiki nzima, tuone kama hutafungua jicho." Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, mjinga mkubwa.

Kwadwo naye hapokei simu yangu tangu nilipompigia nikijifanya mtu wa kodi.

Sasa hili usimsomee mtu. Jumatatu, mlinzi wa kanisa alipokwenda kuswali, nilifungua bolti zote za ngazi ya roshani, ngazi nikailaza chini, bolti nikazitia kwenye tanuri la jirani yangu anayeyeyusha chuma. Niliona bila ngazi hapandi mtu. Nilisahau naishi Suame, ambako bolti ni nyingi kuliko nzi. Wameshapata nyingine, na ngazi inasimamishwa Ijumaa. Na kwa wizi huo polisi wamemchukua mlinzi, Issahaku, mtu ambaye hata embe lililoanguka huuliza la nani. Mkewe alikuja kwenye meza yangu kuuliza kama nimesikia lolote. Mimi, wa maneno yote haya, nikabaki nazipanga nati.

Kesho nakwenda kituoni kusema ni mimi. Wasipodhani ni utani, Issahaku atatoka na mimi nitaingia, na Jumapili hapatakuwa hata na kichaa mmoja wa kusimama mlangoni kuzuia watu. Huenda nimekosea hesabu. Shule niliiacha mapema, unajua. Naomba usiku na mchana niwe nimekosea. Lakini ile sauti, dada, bado naisikia.

Barua hii anakuletea dereva wa basi la huko, maana kwenye simu hunikatia kabla sijafika katikati. Wasalimie wajukuu.

Siku ile mama alipokuta samaki hayumo kwenye supu, nilisema nimemla mimi, nikachapwa mimi, na mdomo uliokuwa unang'aa mafuta ni wako. Sijawahi kukudai. Leo nadai kitu kidogo: mpigie mwanao. Usinitaje. Mwulize kama mama yake, vyuma vile vinabeba watu wangapi wakiwa wanaruka.

Mdogo wako,
Kwabena Dwumfuor