Jina la Uria

Giakanja, Nyeri

Mama mpendwa,

Huku baridi imezidi, lakini kabichi zimefunga vizuri. Nimesikia ulipeleka kuku Mwea, kwa mwanamke aliyemzalia mwanao Jackton, mume wangu, mtoto. Hukuniambia. Ni sawa tu.

Jumapili nilifundisha watoto kanisani. Daudi alichukua mke wa askari wake Uria, akafanya Uria auawe vitani, na bado Mungu hakumwacha Daudi. Msichana mmoja akauliza, "Na Uria je, mwalimu?"

Nyumbani nikafungua Mathayo, pale penye ukoo wa Yesu. Kumbe Mungu hakumsahau Uria. Mama yake Sulemani, mtoto aliyemzalia Daudi, bado anaitwa mke wa Uria.

Mwea kuna mbu. Mtoto alale ndani ya neti.

Ni mimi,
Benter, mke wa Jackton